Maji Yanapochoka Njiani

Kila nikiulizwa hapa chuoni ninasoma nini, nikajibu kwamba nasoma uhandisi wa maji ya kilimo, swali la pili huwa lile lile: "Kwani kumwagilia bustani nako kunataka digirii?" Anayeuliza huwa anatania, nami hucheka naye. Lakini mwaka huu swali hilo limenikaa kichwani, kwa sababu nimeona shamba likikaribia kuuzwa kwa ajili ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya. Wahariri walipotutaka wanachama tuandike kwa Kiswahili juu ya masomo yetu, nikaona nijibu hapa.

Kumwagilia ni jambo jepesi, mtoto mwenye ndoo analiweza. Kazi iko kwenye kugawa.

Sote tunaijua methali ya haba na haba hujaza kibaba. Umwagiliaji wa matone ni methali hiyo iliyotiwa ndani ya mpira. Mpira mwembamba wa plastiki hulazwa kando ya mstari wa miche, na kila baada ya nusu mita au hivyo una kitundu chenye njia ya ndani iliyopindapinda, kinachotoa maji tone kwa tone. Maji yanafika kwenye mizizi, hayamwagiki katikati ya mistari kuotesha magugu, na jua haliyapati kwa wingi. Kwa nchi kama Omani, inayopata karibu milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, mtu angedhani hapo tatizo limekwisha. Lakini methali haikutuambia kibaba cha nani kitajaa kwanza. Mpira mmoja una vitundu mia mbili au zaidi, na vyote vinakunywa kutoka mdomo mmoja.

Ami yangu ana shamba katika pwani ya Batinah, kaskazini-magharibi ya Maskati. Alizaliwa Wete, Pemba, akaja Omani katika miaka ya 1970 akiwa kijana, na mpaka leo akihesabu fedha anahesabu kwa Kiswahili. Pembezoni mwa shamba ana mitende, na katikati ana mistari 40 ya mboga, kila mstari una urefu wa mita 120: nyanya, biringani, bamia na pilipili. Miaka michache iliyopita aliacha kumwagilia kwa mifereji akafungiwa mipira ya matone. Kila mpira ni ule wa kawaida wa milimita 16, wenye uwazi wa ndani wa milimita 14 hivi, na vitundu 240 vilivyoandikwa kwamba kila kimoja hutoa lita 4 kwa saa.

Msimu wa kwanza alifurahi. Msimu wa pili akaanza kuona jambo: mwanzo wa kila mstari nyanya zimestawi mpaka zinaoza kwa unyevu, na kuanzia katikati kwenda mwisho majani yanaungua pembeni, matunda ni madogo, na juu ya udongo kuna utando mweupe wa chumvi. Alidhani ni ugonjwa, akapiga dawa. Haukuwa ugonjwa. Akazidisha muda wa kumwagilia, mwanzo wa mstari ukawa tope. Mwishowe akashauriwa anunue pampu kubwa zaidi, kwa mkopo. Mwanawe mkubwa akasema kuliko kukopa kwa ajili ya ardhi ya chumvi, bora shamba liuzwe. Nilipokwenda likizo, mjadala wa nyumba nzima ulikuwa huo: pampu au mnunuzi.

"Shikamoo ami," nilimwambia asubuhi ya pili. "Naomba vikombe vya kupimia na saa yako."

"Marahaba mwanangu. Unataka kupika keki shambani?"

Tulichofanya ni kipimo ambacho mkulima yeyote anaweza kukifanya. Tulichukua mstari mmoja, tukaweka chombo chini ya kitundu cha kwanza, kingine chini ya kitundu cha katikati, na kingine chini ya kitundu cha mwisho, tukasubiri robo saa. Geji ya presha pale mwanzo wa mpira ilisoma mita 10 za maji, ambayo ndiyo presha iliyokusudiwa na waliotengeneza vitundu. Chombo cha kwanza kilijaa lita 1 kamili, sawa na lita 4 kwa saa kama ilivyoandikwa. Cha katikati kilipata mililita 670. Cha mwisho hakikufika mililita 600. Tulirudia katika mistari mingine mitatu, na hadithi ikawa ile ile.

Ami alivitazama vile vyombo vitatu kwa muda. "Kumbe maji yanachoka njiani," akasema.

Nimesoma somo la mwendo wa maji ndani ya mabomba kwa Kiingereza, na mitihani yote nimeifanya kwa Kiingereza, lakini sijasikia maelezo mafupi na sahihi kama hayo. Maji yakipita ndani ya bomba husuguana na kuta zake na yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo hula presha. Yakianza na mita 10, kila hatua yanapoteza kidogo, na kitundu kinachokuja mbele kinakuta maji yaliyochoka zaidi. Katika vitundu vya kawaida, maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha presha: presha ikishuka mpaka robo, maji hushuka mpaka nusu. Kwa hiyo tulipoona kitundu cha mwisho kinatoa chini ya asilimia 60 ya kile cha kwanza, tulijua bila ya kuweka geji nyingine kwamba presha pale mwisho ilikuwa mita 3 na nusu tu. Mita 6 na nusu zilikuwa zimeliwa na mpira.

Ami aliuliza swali zuri. Kama maji yanachoka kidogo kidogo, kwa nini kikombe cha katikati hakikuwa katikati? Kutoka 1000 kwenda 600, yeye alitarajia 800, na sisi tulipata 670. Nikamwambia afikirie hamali anayetoka bandarini na mzigo wa maduka 240. Anapoanza safari amebeba mizigo yote, na hapo ndipo anapochoka zaidi. Akifika katikati ya njia ameshashusha zaidi ya nusu, miguu inakuwa myepesi, na hatua za mwisho anakwenda karibu mikono mitupu. Maji ndani ya mpira wa matone yako hivyo hivyo. Mita za mwanzo zimebeba maji ya vitundu vyote, na msuguano hukua haraka kuliko maji yenyewe: maji yakiongezeka mara 2, hasara ya presha huongezeka mara 3 na zaidi. Ndiyo maana zaidi ya asilimia 80 ya presha inayopotea inapotea katika nusu ya kwanza ya mpira. Mhandisi J. E. Christiansen wa California aliiweka hesabu hii katika kanuni fupi mwaka 1942, wakati huo akishughulikia mabomba ya kunyunyizia. Alionyesha kwamba bomba linaloshusha maji njiani hupoteza kiasi cha theluthi moja na kidogo tu ya kile ambacho lingepoteza kama maji yote yangekwenda mpaka mwisho. Kanuni yake bado tunaitumia darasani.

Sasa tuje kwenye pampu, maana ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa. Pampu kubwa ingeongeza presha pale mwanzo, tuseme kutoka mita 10 hadi 20. Kitundu cha kwanza kingetoa lita 5.7 kwa saa badala ya 4. Maji mengi zaidi yangepita ndani ya mpira ule ule mwembamba, nayo yangesuguana zaidi. Nilipofanya hesabu hatua kwa hatua, kitundu cha mwisho kilipata lita 3.4. Ukigawa 3.4 kwa 5.7 unapata asilimia 60. Kabla ya pampu ilikuwa asilimia 59. Yaani ami angekopa, angelipa umeme zaidi, angevuta maji mengi zaidi kisimani, na dhuluma baina ya mche wa kwanza na wa mwisho ingebaki vile vile, ila kwa kiwango kikubwa zaidi. Anayepata nyingi angeongezewa nyingi, anayepata chache angeongezewa chache.

Na kisima cha Batinah si cha kuvutwa ovyo. Wasomaji wenye asili ya Unguja wanajua visima vya karibu na pwani vinavyogeuka chumvi vikichotwa sana, na sababu ni moja kote kote. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Ukiyashusha kwa mita 1, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa mita 40. Batinah imevutwa kwa pampu kwa miongo mingi, na bahari imeingia chini ya mashamba mengi. Maji ya kisima cha ami zamani yalipikiwa chai. Siku hizi chai ya shambani inapikwa kwa maji ya chupa.

Hapo pia ndipo ulipotoka ule utando mweupe. Maji yenye chumvi kidogo yakinywewa na mche, chumvi inabaki kwenye udongo. Maji yakiwa ya kutosha huisukuma chumvi chini na pembeni, mbali na mizizi. Yakiwa haba, chumvi inakaa pale pale mizizi ilipo. Miche ya mwisho wa mstari ilikuwa inapata adhabu mbili kwa pamoja, kiu na chumvi, ilhali miche ya mwanzo ilikuwa inapata maji ya kuosha udongo wake na ya kupoteza.

Kumweleza ami haya yote kulinichukua siku mbili, na wakati wote nilikuwa nahangaika na maneno. Kilichonisaidia ni falaji. Wanachama waliokulia hapa wanaijua: ni mfereji wa kale wa Omani unaotoa maji chini ya mlima au ndani ya wadi na kuyaleta mpaka mashambani kwa mteremko tu, bila ya mashine. Mafalaji 5, moja likiwa Falaji Daris la Nizwa, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na maelfu mengine bado yanatumika. Babu yetu alikuwa na fungu katika falaji la kijiji chake huko ndani, na ami analikumbuka. Falaji hugawa maji kwa wakati. Mtu ana athar moja, ambayo ni kama nusu saa, au ana athar tatu, na zamu yake ikifika mfereji wote unageuzwa kwake. Mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Mwenye shamba la mwisho ana haki ya wakati wake sawa na mwenye shamba la kwanza, na yuko mtu wa kusimamia hilo, na watu wamekaa vikao vingi juu yake.

"Basi," nikamwambia ami, "mpira wa matone ni falaji lisilo na msimamizi. Wote wanakunywa kwa wakati mmoja, na kinachogawa ni upana na urefu wa bomba. Anayechagua bomba ndiye anayehukumu."

Alinyamaza, kisha akauliza, "Na aliyetufungia alihukumu vipi?"

Alihukumu kwa kawaida ya dukani: mpira wa milimita 16, kwa sababu ndio unaouzwa kila mahali, na urefu wa mita 120, kwa sababu ndio urefu wa shamba. Kanuni ambayo wasanifu wengi huifuata ni kwamba kitundu kinachopata kidogo kisipungukiwe kwa zaidi ya asilimia 10 kulinganisha na kinachopata kingi, na kwa vitundu vya kawaida hilo lina maana presha isitofautiane kwa zaidi ya asilimia 20 hivi. Kwetu ilikuwa imetofautiana kwa asilimia 65.

Dawa zilikuwa tatu. Ya kwanza, mipira mipana zaidi. Upana una nguvu ya ajabu katika hesabu hii: bomba likiwa pana mara 2, hasara ya presha kwa maji yale yale hupungua mara 27 hivi. Hata kutoka milimita 16 kwenda 20 hasara hushuka mpaka theluthi. Lakini hiyo ingekuwa kununua karibu kilomita 5 za mpira mpya. Ya pili, vitundu vyenye kiwambo cha ndani kinachojirekebisha, vinavyotoa kiasi kile kile presha ipande ishuke. Ni vizuri, lakini ni ghali, na navyo vingemlazimisha abadilishe mipira yote.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua, nayo ni kuyaingiza maji katikati ya mstari badala ya mwanzo wake. Mpira wa mita 120 unakuwa mipira 2 ya mita 60, kila mmoja umebeba nusu ya mzigo kwa nusu ya safari. Nusu ya safari peke yake ingepunguza hasara kwa nusu, lakini na mzigo nao umepungua, kwa hiyo hasara ya hesabu inashuka mpaka chini ya sehemu moja ya sita. Tulihitaji mita 60 za bomba la milimita 63 kutoka kisimani mpaka katikati ya shamba, bomba la kugawia lihamishwe hapo, viungo vya tii 40, na vizibo vya kuziba midomo ya zamani. Bomba lile jipya lenyewe linakula presha isiyofika mita 1. Binamu yangu, yule aliyetaka kuuza, ndiye aliyechimba mtaro, siku tatu, huku akilalamika.

Tulibadilisha na zamu. Vitundu vyote vikipata haki yake, mstari mmoja unakunywa maji mengi zaidi kwa saa kuliko zamani, na pampu ni ile ile. Kwa hiyo badala ya zamu 4 za mistari 10, sasa ni zamu 5 za mistari 8. Zamani, ili mche wa mwisho upate lita 8, kila zamu ilihitaji saa 3 na dakika 20, na katika muda huo mche wa kwanza ulikuwa unamiminiwa zaidi ya lita 13. Sasa zamu moja ni saa 2 na dakika 10 hivi. Shamba zima linamalizika kwa karibu saa 11 badala ya saa 13 na ushei, na maji yanayotoka kisimani kwa duru moja yamepungua kwa karibu sehemu moja ya sita.

Tulipima tena kwa vikombe vile vile. Cha kwanza kilipata lita 1, cha mwisho mililita 910. Ami alivinyanyua vyote viwili akavitazama kwenye jua, kisha akamwita mwanawe aje aone. Mkopo haukuchukuliwa. Mnunuzi aliambiwa asubiri, na nijuavyo bado anasubiri.

Sitaki wasomaji waondoke wakidhani mpira umeitibu Batinah. Chumvi ya kisima haikupungua. Tumekiomba kisima kidogo zaidi kuliko tulivyokiomba mwaka jana, hilo tu, na majirani kila mmoja ana pampu yake. Falaji la babu lilikuwa na kikao. Maji ya chini ya ardhi ya pwani yanawahusu watu wengi ambao hawakai kikao kimoja. Mabwawa yaliyojengwa kwenye mawadi, kama lile la Al Khoud la mwaka 1985, yanashika mafuriko na kuyazamisha ardhini ili kuisukuma bahari nyuma, lakini mvua yenyewe haiji kwa ratiba. Ami anajua kwamba huenda siku moja itabaki mitende peke yake, kwa sababu mtende unavumilia chumvi kuliko nyanya. Kinachomtuliza ni kwamba siku hiyo ikifika, itakuwa imeletwa na kisima, na si na mpira.

Nimebaki na ombi kwa wanachama na walimu wetu. Nilipokuwa shambani nilikwama mara nyingi kwa kukosa neno. "Hasara ya presha" ami aliielewa pale tu alipoiita uchovu wa maji, na mimi sasa siwezi kuiita vingine. Kile kitundu chenye njia iliyopindapinda wengine wanakiita tundu, wengine chuchu. Mimi napendekeza "kitoneshi," kutokana na kutonesha, lakini sijui kama masikio ya wazee yatalikubali. Mwenye neno bora alilete kwenye mkutano ujao. Nami nitaleta kikapu cha nyanya kutoka shambani, zilizochumwa mwanzo na mwisho wa mstari zikachanganywa, nione nani ataweza kuzitofautisha.